Mwale wa kijani juu ya Aktiki: majibu kwa wasomaji wetu wa Goma

Katika toleo lililopita tulichapisha picha moja iliyopigwa usiku kwenye kisiwa cha Andøya, kaskazini mwa Norwei: kilima chenye theluji, jengo dogo juu yake, na mwale mwembamba wa kijani unaotoka darini na kupanda wima mpaka unapotelea kati ya nyota. Chini ya picha tuliandika mistari miwili tu, kwamba hiyo ni leza inayochunguza angahewa ya kati, yaani hewa iliyo kati ya kilomita 10 na 100 hivi kutoka ardhini. Mistari hiyo haikutosha, na barua mlizotuletea ofisini zimetuonyesha hivyo. Nimechagua tano. Baadhi nimezijibu kwa urefu kwa sababu zinastahili, na moja nimeijibu kwa ufupi kwa sababu jibu lake ni fupi.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari hapa Katindo. Wanafunzi wangu waliniuliza jinsi mwanga unavyoweza kupima joto la mahali ambapo hakuna mtu anayefika, nami nikawapa jibu ambalo halikuniridhisha hata mimi mwenyewe. Mwanga ukipanda juu unaenda zake, kwa kuwa huko juu hakuna kioo cha kuurudisha. Nisaidie.

Mwalimu, ni kweli kwamba huko juu hakuna kioo, lakini hewa yenyewe hurudisha mwanga kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachokusanywa. Juzi jioni, umeme ulipokatika mtaani kwetu, nilisimama uani nikiwa na tochi karibu na mbabula iliyokuwa imetoka kuwashwa. Moshi wa makala ulipopita mbele ya tochi, mwale ulionekana wote kama fimbo nyeupe. Upepo wa ziwani ulipouondoa moshi, fimbo ilitoweka, ingawa tochi ilikuwa ikiwaka vile vile. Tulichokuwa tunakiona ni mwanga uliogonga chembe za moshi na kutawanyika, sehemu yake ikaingia machoni mwetu. Molekuli za hewa safi nazo hutawanya mwanga, ila kwa unyonge ambao jicho haliwezi kuuona kwa tochi. Tunauona mchana tu, jua linapoangaza hewa yote kwa pamoja, na ndiyo sababu mbingu ina rangi ya buluu. Katika karne ya 19 Lord Rayleigh wa Uingereza alilieleza jambo hilo kwa hesabu, na mpaka leo mtawanyiko huo unaitwa kwa jina lake.

Sasa inabaki kujua mwanga uliorudi umetoka wapi. Mtoto wa Kivu hujifunza mapema kuhesabu moja, mbili, tatu kuanzia radi inapomulika upande wa Masisi mpaka ngurumo inapofika, kisha husema iko mbali au iko karibu. Kila sekunde tatu ni kilomita moja, kwa kuwa sauti hukimbia takriban mita 340 kwa sekunde. Lida, yaani chombo hicho chenye leza ya kupeleka mwanga na darubini ya kuupokea unaporudi, hufanya hesabu ile ile kwa mwanga. Leza haiwaki mfululizo, bali hupiga mipigo mifupi mno, na saa huanza kuhesabu kila mpigo unapoondoka. Mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo ule uliokwenda hadi kimo cha kilomita 83 na kurudi hutumia zaidi kidogo ya nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukigawa muda huo katika vipande vya milioni moja ya sekunde, kila kipande kinawakilisha tabaka la hewa lenye unene wa mita 150. Ndivyo mwale mmoja unavyogawanyika kuwa ngazi ndefu, na kila kidato kikawa na hesabu yake.

Wazo hilo si jipya. Kabla ya leza watu walijaribu kwa taa kubwa za kumulika ndege, wakafika kimo fulani na kukwama. Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza mwaka 1960, haikuchukua muda: mwaka 1963 Giorgio Fiocco na Louis Smullin, wakifanya kazi MIT, chuo kikuu cha teknolojia huko Marekani, walikuwa wameshaelekeza leza ya yakuti nyekundu angani na kupata mwangwi kutoka vimo vya makumi ya kilomita.

Naomba wanafunzi wako wakae kidogo na ukubwa wa tatizo, maana hapa ndipo mimi mwenyewe huwa nastaajabu. Mpigo mmoja wa leza ya kijani wenye nishati ya nusu jouli una fotoni, yaani chembe za nuru, zaidi ya bilioni moja zilizozidishwa mara bilioni moja. Zote hizo hupanda. Kutoka tabaka la kilomita moja lililo kwenye kimo cha kilomita 80, ambako hewa ni haba kiasi kwamba sisi tungeiita utupu, darubini yenye kioo cha kipenyo cha mita 1.8, kama zile mbili za Andøya, hupata kwa wastani fotoni chache tu kwa kila mpigo. Kwa hiyo mtu hawezi kupima kwa mpigo mmoja, wala kwa mia. Leza inayopiga mara 30 kwa sekunde hutimiza mipigo 108,000 kwa saa, na chombo huhesabu fotoni moja moja, kama mwenye duka anayepanga sarafu, mpaka hesabu ikawa na uzito wa kuaminika. Wingu zito likipita juu ya paa, kazi husimama, na wachunguzi hungoja.

Kuhusu joto, lida haigusi hewa, na kwa hiyo haipimi joto moja kwa moja; hupima wingi wa hewa katika kila kidato cha ile ngazi, na joto hutokana na hapo. Fikiria magunia ya maharage yaliyopangwa ghalani: gunia la chini hubeba uzito wa yote yaliyo juu yake. Hewa nayo hivyo hivyo, kila tabaka hubeba matabaka yaliyolilalia. Hewa yenye joto huvimba, kwa hiyo ukipanda ndani yake wingi wake hupungua taratibu. Hewa ya baridi hujikusanya chini, na wingi wake huporomoka haraka kadiri unavyopanda. Ukijua jinsi wingi unavyopungua kutoka kidato kimoja hadi kingine, umejua joto. Njia hii hufaa kuanzia kilomita 30 hivi kwenda juu, ambako kwa kawaida hakuna vumbi la kuharibu hesabu.

Ipo njia ya pili, nayo ni nzuri sana. Kila siku vimondo huungua juu ya vichwa vyetu na kuacha nyuma yao chembe za madini, na kati ya kilomita 80 na 105 kuna tabaka jembamba la atomu za sodiamu, ile ile iliyomo katika chumvi ya jikoni. Stesheni kadhaa, Andøya na Poker Flat ya Alaska zikiwemo, zimetumia leza iliyorekebishwa kwa usahihi mkubwa kwenye rangi ya njano ya sodiamu, nanomita 589 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ambayo atomu hizo huipokea na kuitoa tena kwa nguvu. Atomu zikiwa na joto hukimbia huku na huku kwa kasi, na rangi zinayoipokea hutanuka. Zikiwa baridi, rangi hiyo hujifinya. Na upepo ukizisukuma zote upande mmoja, rangi yote huhama kidogo, kama mlio wa honi ya pikipiki unavyobadilika inapokupita barabarani. Kwa njia hiyo mtu aliyekaa katika chumba chenye joto juu ya kilima hupima upepo unaovuma kilomita 90 juu yake.

Papa Mhariri, mimi ni msichana wa mwaka wa tano wa sekondari, ninaishi Ndosho. Nilisoma katika kitabu kimoja kwamba huko Aktiki, katika majira ya joto wakati jua halizami kabisa, hewa ya kimo cha kilomita themanini na kitu huwa baridi kuliko katika majira ya baridi yenye giza la mchana na usiku. Wenzangu wanasema ni kosa la uchapaji. Ni kosa kweli?

Mwanangu, si kosa, na umefanya vizuri kutowakubalia wenzako haraka. Hewa iliyo juu ya ncha ya dunia katika majira yake ya joto, kwenye kimo cha kilomita 85 hadi 90 hivi, ndiyo baridi kuliko hewa nyingine yoyote ya asili katika sayari yetu. Hushuka hadi nyuzi 140 chini ya sifuri, na wakati mwingine chini ya hapo. Katika majira ya baridi, mahali pale pale, gizani, hewa huwa na joto zaidi kwa makumi ya nyuzi.

Ili uelewe, nenda kwa fundi wa matairi wa mtaani kwenu, umwombe akuonyeshe pampu yake baada ya kujaza tairi la pikipiki: mwisho wake una joto, kwa sababu hewa iliyobanwa hupata joto. Kisha mwombe afungue kijiti cha tairi, uweke kidole penye hewa inayotoka: ni baridi, kwa sababu hewa inayopata nafasi na kutanuka hupoteza joto. Hewa inayopanda angani hukuta uzito mdogo juu yake, hutanuka, na hupoa. Inayoshuka hubanwa, na hupata joto. Mtu aliyepanda Nyiragongo kutoka Kibati, akaondoka na jasho na kufika kwenye mdomo wa volkano kwenye mita 3,470 akitetemeka ndani ya koti, ameionja sehemu ndogo ya jambo hilo.

Kwa hiyo hewa ya juu ya Aktiki ni baridi katika majira ya joto kwa sababu wakati huo inapanda, na ina joto katika majira ya baridi kwa sababu inashuka. Jua lipo, lakini kupanda kwa hewa kunaishinda kazi ya jua. Utauliza, sasa ni nini kinachoipandisha? Jibu ni mawimbi. Upepo ukivuka milima ya Skandinavia, au ngurumo kubwa ikisukuma hewa juu, hewa hutikisika, na mtikisiko husafiri kwenda juu kama mawimbi yanayofuata pirogi inayokatiza Ziwa Kivu. Wataalamu huyaita mawimbi ya uvutano, nayo yasichanganywe na yale ya Einstein yanayotoka kwenye nyota. Kadiri yanavyopanda, hewa huwa haba, nishati ile ile hubebwa na hewa kidogo zaidi, na mtikisiko hukua, mpaka wimbi linashindwa kujizuia na kuvunjika, kama lile linalofika kwenye mawe meusi ya ufukweni kwetu. Likivunjika husukuma upepo wa huko juu, na misukumo hiyo yote ikijumlishwa huendesha hewa kutoka ncha yenye majira ya joto hadi ncha yenye majira ya baridi. Hewa iliyoondoka lazima ijazwe, nayo hujazwa kutoka chini. Huko ndiko kupanda. Lida huyaona mawimbi hayo waziwazi: ukipanga vipimo vya joto saa baada ya saa, michirizi ya joto na baridi hujitokeza, ikishuka taratibu kwenye karatasi.

Baridi hiyo huzaa kitu ambacho ningependa ukione siku moja. Maji ni machache sana katika kimo hicho, lakini kwa baridi ya namna ile hata machache huganda, na hutokea mawingu membamba ya barafu kwenye kilomita 83 hivi, ya rangi ya fedha yenye ubuluu, yanayoonekana baada ya jua kuzama kwa sababu yako juu kiasi cha kuendelea kuangazwa nalo. Watu wa Ulaya waliyaandika kwa mara ya kwanza mwaka 1885, miaka miwili baada ya volkano ya Krakatau, na Otto Jesse wa Berlin akapima kimo chake kwa picha zilizopigwa kutoka sehemu mbali mbali. Lida iliyaona kwa mara ya kwanza mwaka 1989, huko huko Andøya, na tangu mwaka 1994, ilipofunguliwa stesheni ya ALOMAR juu ya kilima chenye karibu mita 380, yamefuatiliwa kila majira ya joto. Huko leza hutuma rangi tatu kwa wakati mmoja: ile isiyoonekana iliyo ng'ambo ya urujuani, ya kijani, na nyingine isiyoonekana iliyo ng'ambo ya nyekundu. Chembe ndogo hutawanya rangi ya kwanza kwa wingi na ya tatu kwa uchache, kwa hiyo kwa kulinganisha zilizorudi hujulikana ukubwa wa chembe za barafu, ambazo nusu kipenyo chake ni makumi machache tu ya nanomita. Zaidi ya chembe elfu moja zingejipanga katika upana wa unywele mmoja wa kichwa chako.

Yote hayo hupimwa jua likiwa angani, hata saa sita ya usiku, kwa kuwa wakati huo wa mwaka halizami. Ni kama kutafuta kimulimuli mchana. Darubini huelekezwa kwenye duara dogo mno la anga, na mbele ya kihesabio huwekwa vichujio vinavyopitisha rangi moja tu ya leza na kuzuia takriban nyingine zote.

Mhariri, mimi ni mama mwuza vitenge wa Birere, na kwa miaka mingi ndege zilipita juu ya meza yangu kila siku. Je, mwale huo hauwapofushi marubani?

Mama, hofu yako ni ya haki. Leza hizo zina nguvu ya kuharibu jicho, hivyo mwale hutanuliwa kwanza ili nguvu yake igawanyike katika eneo kubwa, stesheni hupatana na wasimamizi wa safari za ndege, na nyingine huwa na rada au kamera inayoizima leza ndege ikikaribia. Ninachokiogopa zaidi ni zile kalamu ndogo za leza za kijani ambazo watoto huchezea. Tafadhali usimruhusu mtoto yeyote kuielekeza kwenye ndege inayotua au machoni mwa mwenzake.

Ndugu Mhariri, tunaishi Majengo, na usiku tunaona wekundu wa Nyiragongo juu ya paa zetu. Moshi wake unafika huko juu mnakokusema? Leza za Aktiki zinauona?

Kwa kawaida haufiki. Juu ya Goma tabaka la chini la hewa, lile lenye mawingu na mvua, linafika kilomita 16 au 17, na moshi wa Nyiragongo hutoka kwenye kreta iliyo chini ya kilomita 4. Gesi yake ya salfa hubakia katika tabaka hilo, na mvua huirudisha kwetu kama mvua ya tindikali, jambo ambalo wenye mashamba magharibi mwa mlima na wenye matangi ya maji ya mvua wanalijua vizuri kuliko mimi. Milipuko ya Januari 2002 na ya tarehe 22 Mei 2021 ilikuwa ya lava iliyotiririka kutoka kwenye nyufa za ubavuni. Ilituumiza sisi, lakini haikuwa ya kurusha majivu mbali angani. Kwa hatari za mlima wenyewe, na za mazuku, ile hewa ya mauti inayojikusanya mabondeni na ambayo wanasayansi wa dunia nzima wameichukua kwa jina letu la Kiswahili, wa kusikilizwa ni wataalamu wa Observatoire Volcanologique de Goma, si leza za Norwei.

Hata hivyo Bonde la Ufa limewahi kuonekana huko. Mwezi Juni 2011 volkano ya Nabro, nchini Eritrea, ililipuka na kutoa salfa nyingi sana, na katika wiki na miezi iliyofuata stesheni nyingi za lida za kizio cha kaskazini ziliona tabaka jipya la matone madogo ya asidi ndani ya stratosfia, yaani hewa kavu iliyo juu ya mawingu ya mvua. Wataalamu walibishana sana: wengine walisema mlipuko wenyewe ulifika huko, wengine wakasema salfa ilibaki chini kwanza, kisha ikanyanyuliwa na mfumo wa pepo za masika za Asia. Kilichowezesha ubishi huo kuwa wa maana ni vipimo vya lida na vya setilaiti, vilivyoonyesha tabaka lilikuwa kwenye kimo gani na siku gani. Lida ina ujanja mmoja unaofaa sana hapa. Mawimbi ya mwanga wa leza hutikisika upande mmoja tu. Yakigonga tone la mviringo hurudi yakitikisika upande ule ule, lakini yakigonga punje yenye kona, kama jivu au fuwele ya barafu, sehemu yake hurudi imegeuka. Kwa njia hiyo mtu wa chini husema, hili ni tone, hili ni jivu, bila kulishika.

Mhariri, mimi ni fundi wa simu, Himbi. Nimesoma ukurasa wenu kwa heshima, lakini nauliza waziwazi: Aktiki iko mbali nasi, hatuna theluji, tuna shida ya maji na umeme. Hewa ya juu ya Norwei inatuhusu nini sisi wa Goma?

Ndugu yangu, barua yako nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike ukurasa huu, na jibu langu ni kwamba hewa ile, kwa sehemu, ilitoka huku kwetu.

Mwaka 1949 Alan Brewer, Mwingereza, alijiuliza kwa nini stratosfia ya juu ya Uingereza ni kavu kupita kiasi. Hewa iliyopanda kutoka juu ya nchi yake ingekuwa na unyevu zaidi. Aliona kwamba ukavu ule unaelezeka kwa njia moja: hewa yote ya stratosfia lazima iwe imepita mahali penye baridi kali sana, ambapo mvuke wake uligandishwa na kuachwa nyuma, na mahali hapo ni juu ya ukanda wa ikweta, kwenye kilomita 16 hadi 18, ambako joto hufika karibu nyuzi 80 chini ya sifuri. Huo ndio mlango. Hewa huingilia hapo, hupanda polepole, husafiri kuelekea ncha za dunia, na kushuka juu yake hasa katika majira ya baridi. Gordon Dobson aliyekuwa akipima ozoni, gesi inayotukinga na miale mikali ya jua, aliona dalili za safari hiyo hiyo, ndiyo maana inaitwa mzunguko wa Brewer na Dobson. Mpaka sehemu ya hewa ifike juu ya Aktiki, kwa wastani imepita miaka minne, mitano hivi.

Sitaki kukuambia kwamba mlango huo uko juu ya Goma peke yake. Sehemu kubwa zaidi ya hewa huingilia juu ya Pasifiki ya magharibi, kwenye bahari yenye joto. Lakini bonde la Kongo ni mojawapo ya maeneo matatu makubwa ya dunia yanayorusha ngurumo juu, pamoja na Amazonia na visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia, na radi za Kivu yetu ni miongoni mwa nyingi kuliko zote zilizowahi kuhesabiwa duniani. Ngurumo inayokuzuia kufungua duka mchana husukuma hewa na mawimbi kuelekea kwenye mlango ule.

Hewa hiyo hubeba vitu. Hubeba methani inayotoka mabwawani, kwenye ng'ombe, kwenye moto wa misitu na visima vya mafuta, na huko juu kila molekuli ya methani inapochomwa na jua huacha molekuli mbili za maji. Maji hayo ndiyo baadhi ya yale yanayoganda na kuwa mawingu ya fedha niliyomweleza binti wa Ndosho. Methani ya Ziwa Kivu, yenye ukubwa wa takriban kilomita za ujazo 60, imefungwa chini ya maji mazito, na kwa sehemu kubwa mno haitoki. Nasema hivi ili mtu asichanganye mambo. Hubeba pia gesi zenye klorini ambazo zilitumika zamani katika majokofu, na hata jokofu la duka la Goma lina sehemu yake. Katika giza la Aktiki, stratosfia ikipoa chini ya nyuzi 78 hivi chini ya sifuri, mawingu hutokea kwenye kilomita 15 hadi 25, na juu ya chembe za mawingu hayo klorini isiyo na madhara hugeuzwa kuwa ile inayokula ozoni mara jua linaporudi. Majira ya kuchipua ya mwaka 2011 na ya mwaka 2020 ozoni ya Aktiki ilipungua sana, na lida za Ny-Ålesund, huko Svalbard, na za Eureka, kaskazini kabisa mwa Kanada, ni kati ya vyombo vilivyokuwa vimefuatilia hewa hiyo kwa miaka mingi. Kupima ozoni hutumwa rangi mbili, moja inayomezwa nayo na nyingine isiyomezwa sana. Tofauti ya zilizorudi ndiyo ozoni. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 umezipunguza gesi hizo, lakini zinaishi muda mrefu, na kujua kama kweli zinaondoka kunataka mtu anayepima hewa ile ile kwa chombo kile kile kwa miongo.

Kuna na jambo la hewa ukaa. Tumezoea kusikia kwamba inaongeza joto, na huku chini ni kweli. Juu ni kinyume: mahali hewa ni haba, hewa ukaa hutoa joto zaidi kuelekea anga za mbali kuliko inavyolizuia, na hewa hupoa. Syukuro Manabe, aliyepewa Nobeli ya fizikia mwaka 2021, alilionyesha hilo pamoja na Richard Wetherald kwa hesabu za mwaka 1967. Kama jua ndilo lingekuwa chanzo cha joto la dunia kuongezeka, juu na chini vingepata joto pamoja. Vipimo vimeonyesha kwamba angahewa ya kati inapoa, na huo ni ushahidi ambao mkulima wa Rutshuru aliyepoteza msimu wake ana haki ya kuujua. Puto la hali ya hewa hupasuka kwenye kilomita 30 na kitu, roketi hupima kwa dakika chache tu, setilaiti hutazama kwa mbali na huzeeka. Mwale wa leza huweza kurudi mahali pale pale mwaka baada ya mwaka.

Mwisho, kuna siku ambazo safari hiyo ya hewa hutikisika yote. Mwaka 1952 Richard Scherhag wa Berlin aliona kwenye vipimo vya maputo yake kwamba stratosfia ilikuwa imepata joto ghafla katikati ya majira ya baridi. Sasa tunajua kwamba kimbunga kikubwa cha baridi kinachozunguka juu ya Aktiki huweza kuvunjwa na mawimbi kutoka chini, na joto likapanda makumi ya nyuzi kwa siku chache. Hewa ikishuka kwa nguvu kule, juu ya ikweta hupanda na kupoa. Mvunjiko wa Januari 2009 ulikuwa mkubwa sana, na siku hizo rada ya Jicamarca, nchini Peru, karibu na ikweta ya sumaku, iliona mwendo wa tabaka la umeme la juu ukibadilika usivyo kawaida. Wewe unayetengeneza simu, fahamu kwamba ishara za setilaiti zinazoiambia simu iko wapi hupenya tabaka hilo hilo.

Uliuliza pia, pembeni mwa barua yako, kama leza kama hizo ziko karibu nasi. Ipo kisiwani Réunion, katika Bahari ya Hindi, kwenye kituo cha Maïdo kilichofunguliwa mwaka 2012 juu ya mlima, zaidi ya mita 2,000. Iko kwenye nyuzi 21 kusini, pembezoni mwa ukanda wetu wa tropiki, na wanaofanya kazi humo huzungumza Kifaransa, lugha ile ile ambayo vijana wetu hufundishiwa fizikia hapa. Andøya hupima hewa ikiwa imemaliza safari. Maïdo huitazama ikiwa ndiyo kwanza imeanza.